Ya Mkono

Katika karakana ile, ukitaka kumtukana mtu hukuwa na haja ya kuwagusa wazazi wake. Ulichukua bakuli alilolichonga, ukaligeuza mara moja, ukasema, "Hili la mkono," ukalirudisha pale pale. Mengine alijitukana mwenyewe.

Tusi hilo lilitungwa na Rula, mwenye karakana. Jina la Rula walimpa wachongaji wenzake zamani kwa sababu hakuwahi kushika rula maishani mwake. Jicho lilimtosha. Alikaa na gogo, akaliambua kwa tezo kama mtu anayemenya chungwa, na bakuli likatoka mviringo kamili, ukingo wa unene mmoja tangu alipoanzia hadi aliporudi. Mezani kwake palikuwa na kipande cha kioo cha dirisha. Bakuli likiisha aliliweka juu ya kioo na kulizungusha kwa kidole. Likizunguka kimya, alilichoma alama kitakoni kwa chuma cha moto: duara, na mstari mmoja ulionyooka katikati yake. Likigongagonga kama meno ya mtu mwenye homa, alilipasua kuni, liwe lake au la mwingine.

Rula alikulia wakati ambapo mwenye uwezo alinunua sahani ya kiwandani, na asiye na uwezo alinunua kitu cha mkono huku akiangalia pembeni wasimwone. Neno lenyewe lilitamkwa mdomo umebinuka. La mkono maana yake lilikwenda upande, lilivuja, lilikwaruza midomo. Akaapa kwamba kwenye kazi yake hakuna atakayeuona mkono. Mkono kuonekana kwenye bakuli, kwake, ilikuwa sawa na mtu kutembea barabarani na zipu wazi.

Basi na mwenye shati jeupe ndiye anayekalishwa karibu na sufuria ya masizi. Meza ya pili mle karakanani ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, aliyeitwa Mawimbi. Jina lilitokana na kingo za mabakuli yake: zilipanda, zikashuka, zikapanda tena zilipopata nafasi. Upande huu bakuli lilikuwa nene kama mkate, upande ule jembamba kama ganda la yai. La fundi mwingine huisha likiwa tayari. La Mawimbi liliisha yeye akichoka. Alichonga akiimba, akaacha kuchonga ili amalizie wimbo, akatoka nje kuulizia matokeo ya mpira, akarudi na kuanza upande mwingine kabisa. Rula hakumfukuza kwa kuwa marehemu alimwachia ndugu yake huyo kama mtu anavyoachiwa kabati bovu la ukoo. Halitumiki, na halitupwi.

Alama ya chuma haikuwahi kugusa bakuli la Mawimbi. Kazi yake iliwekwa chini, kando ya mlango, ikanunuliwa na watu waliotaka kitu cha kumwekea kuku maji. Mteja akiyashangaa mabakuli yale, Rula alisema bila kuinua kichwa, "Hayo ya shemeji." Mteja alicheka, na Mawimbi alicheka naye, tumbo likitikisika ndani ya jezi yake iliyofifia.

Siku hizi wateja wa kuyashangaa walikuwa wamepungua. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia binti wa Rula, ambaye ndiye aliyeshughulika na wateja, kwamba karakana isiyoingiwa na watu ni stoo, na stoo kuna muuza matairi wa jirani anaihitaji. Akawapa mpaka mwisho wa mwezi. Binti hakulia wala hakugombana. Alivaa viatu vyake vya kutokea, akazunguka mjini, akarudi na mnunuzi.

Huyo mnunuzi alinukia manukato tangu yuko barabarani. Alikuwa anaitafutia vyombo hoteli mpya, na mfukoni alikuwa na shada la vilebo vya karatasi ya kaki, kila kimoja kina uzi wa katani na neno moja: hendimedi. Kabla hajaketi, Mawimbi alikwisha kumwita Bwana Lebo, na jina likamkaa kuliko suti yake.

Alilitamka neno lile polepole, kama mtu anayeogopa peremende isimdondoke. Akawaeleza maana yake, yaani kitu kilichotengenezwa kwa mkono, tena akawaonyesha mkono wake, wasije wakakosea kiungo. Pale hotelini, alisema, kila kitu kitakuwa hendimedi: sabuni, mito, stuli za bustani. Wageni wamechoka na mashine. Mgeni anataka akishika bakuli asikie kuna binadamu alipita hapa. Rula alikuwa ameokota kilebo kimoja na kukitazama. Herufi sawa, tundu sawa, rangi sawa na vingine vyote, watoto wa mashine moja waliozaliwa siku moja. Akamtazama mtu mwenyewe, akaona ameletewa mgonjwa.

Hata hivyo aliyapanga mabakuli yake bora mezani. Bwana Lebo akachukua mawili, akayakutanisha ukingo kwa ukingo. Hapakupita hata unywele.

"Mzee wangu, haya yanafanana."

Rula akainamisha kichwa kidogo, akipokea sifa.

"Yanafanana mno," Bwana Lebo akaongeza. "Nikimpa mgeni, ataniambia nimemletea kitu cha kiwandani."

Rula alikuwa amesubiri maneno hayo tangu ujana, na sasa yalikuja yamevaa nguo ya aibu. Hakujua ashukuru au amtoe mtu nje. Kabla hajaamua, Bwana Lebo alishafika kwenye meza ya pili, ambako Mawimbi alikuwa na bakuli moja bovu la kuwekea misumari. Akaimwaga misumari bila kuomba ruhusa, akapitisha kidole ukingoni, juu na chini, macho yamelegea. Akasema bakuli lile linaongea. Rula akauliza linasema nini. Bwana Lebo akasema halisemi kwa maneno. Mawimbi akasema yeye hulisikia likisema "nipumzishe", na akacheka peke yake.

Mnunuzi alipoondoka, akiwa ameahidi kurudi kuona kama mzee ataweza kuchonga mengine ya namna ile, binti alifunga mlango na kumkabili baba yake.

"Baba, haribu kidogo tu."

"Nini?"

"Ukingo. Uachie kidogo, usiufuate. Wewe unajua kunyoosha, utashindwaje kupinda?"

Rula alimwambia kwamba mtu hasomi miaka yote hiyo ili aje afundishwe ujinga na mwanawe. Binti akamjibu kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele, kwamba muuza matairi alikuja asubuhi akapima chumba kwa hatua, mbele yake, bila hata kumsalimia. Rula akachukua tezo.

Kwa siku kadhaa alikaa kwenye meza yake kama mtu anayefanya dhambi kwa miadi. Kila alipofika mahali pa kupindisha, mkono ulikataa, akaulazimisha, ukatii. Alipoyamaliza hakuyaweka kwenye kioo. Aliyapanga mstari na kuyafunika kwa gunia, kama maiti.

Bwana Lebo alifunua gunia kwa matumaini. Kisha akainama. Kisha akachuchumaa, macho yakawa sawa na meza. Mabakuli yote yalikuwa yameinama upande wa kushoto. Yote yalikuwa na wimbi moja, mahali pale pale, la kina kile kile. Akayapanga moja juu ya jingine na yakaingiana kama vikombe vya duka, wimbi juu ya wimbi, upogo juu ya upogo, mnara mzima umeegemea kushoto bila kuanguka.

Akasema hajawahi kuona kazi ya mashine iliyo wazi kiasi hicho.

Mawimbi alicheka mpaka akaketi chini kwenye takataka za mbao. Alijaribu kusema kitu mara tatu akashindwa. Mwishowe akafuta machozi kwa jezi na kusema, "Shemeji, hata ukilewa utapepesuka kwa mstari." Rula alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mbwa aliyeingia msibani. Kilichomuuma hakikuwa kicheko. Kilichomuuma ni kwamba aliyoshindwa kuyafanya kwa juhudi zake zote, huyu bwege aliyafanya huku anafikiria mpira.

Ndipo Bwana Lebo alipotoa shauri lake, na alilitoa kwa binti, akiwaruka wazee wote wawili kama samani. Atachukua mabakuli ya huyu bwana mnene, yote, na mengine kila mwezi. Lakini kila bakuli litakuwa na kadi yenye picha ya fundi, na kwa picha hiyo anamtaka mzee. Wageni wanapenda ndevu nyeupe na mikono yenye mishipa. Huyu mwingine, akasema akimwonyesha kwa kidevu, anafanana na mtu wa kuuza tiketi uwanjani. Na chini ya kila bakuli ipigwe ile alama ya mzee, ile ya duara, maana alama ya moto ndiyo inayomaliza habari.

Mawimbi alikuwa anaokota misumari yake. Mara hii hakucheka, na hakuna aliyetambua.

Rula aliomba siku moja ya kufikiri, lakini hakufikiri, alitukana. Alitukana njiani, akatukana akinawa mikono, akatukana mbele ya chakula mpaka kikapoa. Alama yake iende chini ya kitu kile? Akiulizwa kesho na fundi mwenzake, "Hili lako?" aseme nini? Wapo waliokufa wakijua kwamba duara lile na mstari ule maana yake ni bakuli lisilogonga. Binti alimwacha aishiwe. Alipoishiwa, alimuuliza jambo moja tu: karakana ikienda, hizi tezo watazitundika wapi? Nyumba yao ilikuwa chumba na nusu. Ile nusu ndiyo aliyolala binti.

Akakubali. Alikubali kwa namna yake, akijiambia kwamba wanaodanganywa ni watu wa hendimedi, na mtu anayelipenda bakuli bovu hana haki ya kuambiwa ukweli. Alama yake haitawafikia. Itakuwa kama kumsomea mbuzi gazeti. Alijirudia maneno haya mpaka usingizi ukamchukua, na alipoamka yalikuwa hayana nguvu tena, lakini ahadi ilishatoka kwa binti.

Siku ya kuchukua mzigo, jiko la mkaa liliwashwa mlangoni. Bwana Lebo alikuja na simu ya kupigia picha na kanga ya zamani aliyoitoa alikokujua mwenyewe, akamzungushia Rula kiunoni, juu ya suruali, akisema inaongeza ukweli. Rula alisimama kama mwanaserere. Chuma kiliiva. Alichukua bakuli la kwanza la Mawimbi, akaligeuza kutafuta mahali tambarare pa kuchomea, hakupaona. Kitako kilikuwa na vilima. Akalizungusha tena, mkono mwingine umeshika chuma chekundu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa ambusu chura mbele ya wakwe.

"Shemeji, weka chini," Mawimbi akasema.

Rula alidhani anaambiwa juu ya chuma. Akamjibu asimfundishe kazi.

"Bakuli. Liweke chini." Mawimbi akaja, akalitoa mkononi mwake polepole, kwa sababu ya moto. "Miaka yote, likipinda, unawaambia watu, hilo la shemeji. Mbele yangu. Nacheka. Leo limepata mtu wa kulipenda, liwe lako?"

Bwana Lebo akaanza kueleza habari ya soko. Hakuna aliyemgeukia.

"Unalitaka?" Rula akauliza. Hakuwa anamkejeli, hakuelewa kweli. "Bakuli kama hili? Mtu mzima, ulitake?"

"Baya, ndiyo. Lakini si ulisema langu?"

Binti alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiona matairi yanaingia mlangoni.

Rula alimtazama shemeji yake: jezi, tumbo, kipara kinachong'aa jasho, na bakuli lile limekumbatiwa kama mtoto aliyeokolewa mtoni. Hakumheshimu hata kidogo zaidi ya jana. Fundi mbovu ni fundi mbovu, akishupaza shingo habadilishi kitako cha bakuli. Lakini alikumbuka kitu, na kitu chenyewe kilimkera: yeye naye, alipopata kutukanwa kwa kazi za ujana wake, hakuwahi kusema si zake. Alizipasua kuni, lakini alizipasua kwa jina lake.

Akakirudisha chuma jikoni. Akafungua fundo la kanga kiunoni, akaikunja vizuri, akamkabidhi mwenyewe.

"Mpige picha yeye," akasema.

Bwana Lebo akacheka kidogo. Akasema mzee haelewi, mgeni akiona sura kama ile hatashawishika. Hapo ndipo alipokosea, kwa maana alimwonyesha Mawimbi kwa kidevu tena, na mara hii akakunja pua.

"Sikiliza, bwana," Rula akasema. "Huyu anachonga kama anakuna upele. Sijawahi kuona bakuli lake ambalo ningemtilia mbwa ninayempenda. Nimemdharau tangu siku ya harusi yangu. Lakini hiyo dharau ni ya nyumbani, nimeitunza mwenyewe, wewe sikukualika. Unataka kitu cha mkono, mkono ndio huo, wenye jezi. Huutaki, beba vilebo vyako."

Kisha akakaa kwenye meza yake, akavuta gogo.

Bwana Lebo alimtazama binti. Binti alifanya jambo ambalo hakuwa amelipanga: alifungua daftari lake la mizigo na kumuuliza mgeni, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi, kama mabakuli yafungwe kwa magazeti au kwa majani makavu. Hoteli ilikuwa inafunguliwa wiki ile ile. Hapakuwa na mjinga mwingine mjini mwenye rundo la mabakuli mabovu yasiyofanana, maana mafundi wengine wote Rula aliwafundisha au aliwafukuza.

"Majani makavu," Bwana Lebo akasema. "Yaonekane."

Akampiga Mawimbi picha. Alimwomba avue jezi, Mawimbi akasema chini yake hamna kitu ila Mawimbi, wakaiacha. Kadi ikatoka hivyo hivyo, jezi na tumbo, na chini yake lile neno la peremende. Alama haikupigwa. Muuza matairi alikuja tena na hatua zake, akakuta watu mlangoni, akasalimia.

Karakana ikabaki, na dharau ikabaki nayo. Mawimbi sasa alikuwa anaitwa fundi na watu waliovaa miwani ya jua. Hakuongeza bidii. Jambo hilo lilimfariji Rula kwa kiasi fulani. Angeudhika zaidi kama shemeji angeanza kujitahidi. Mabakuli yenyewe yalipanda kwenye rafu ya mbele, na ya Rula yakashuka chini, kando ya mlango. Hakulalamika. Aliyachoma alama moja moja kama kawaida, na yaliyogonga aliyapasua.

Mchana mmoja akaja mgeni wa hoteli, mwanamke mwenye mkoba mkubwa, kupiga picha na fundi. Alipokuwa akimngoja Mawimbi arudi kutoka kusikiliza mpira, aliinama, akaokota bakuli la Rula. Akaligeuza. Akalitazama ndani, akalitazama nje, akapitisha kidole ukingoni mzunguko mzima na kidole hakikukutana na kitu.

"Haya si ya mkono," akasema.

Binti akafungua mdomo. Rula akamwahi.

"Si ya mkono, mama. Ya mashine."

"Safi sana. Na hii alama?"

"Ya kiwanda."

Mwanamke akatazama huku na huku. Aliona tezo ukutani, gogo, mzee mmoja mwenye vumbi la mbao kwenye ndevu. Akauliza mashine yenyewe iko wapi, anaweza kuiona?

"Ipo," Rula akasema, akipuliza unga wa mbao kutoka kwenye ukingo. "Lakini ni ya zamani, haipendi kupigwa picha. Mngoje fundi, anakuja."